Kiti chenye Mguu Mbovu

Mizani ya Mwaloni haina kosa. Ni mkono.
Asubuhi ile gunia la dagaa la mama mmoja wa Ukerewe
nililisoma kilo arobaini na mbili, kisha thelathini na nane,
kisha arobaini na tano,
na dagaa ni walewale, wakavu, hajaongezwa hata mmoja.
Akanitazama. Hakutukana.
Alisema tu: "Baba, kapate supu kwanza."

Sikwenda kwenye supu. Nilikwenda kuzimua
kwa Ngollo, Mabatini juu, nyumba iliyobebwa na jiwe,
ambako hata gizani miguu yangu iliijua kila ngazi
isipokuwa ya kurudi.
Ngollo akaishika chupa ya gongo, asiimimine.
"Ya kwako nimeifunga. Deni utalipa ukipata.
Mdogo wangu huwa anakwenda Kitangiri, Alhamisi saa kumi na moja,
chumba cha nyuma kwenye karakana ya useremala.
Wanakaa. Wanaongea. Chai ipo."
Nilicheka mpaka nikakohoa.
Nani amewahi kuambiwa na mchinjaji akale mchicha?

Alhamisi ya kwanza nilipita kama mtu anayetafuta choo.
Ya pili nilisimama, nikauliza bei ya kitanda,
nne kwa sita, mninga;
fundi akanitajia na bei ya kabati.
Ya tatu mvua ilinisukuma ndani. Nisijisifu. Ni mvua.

Viti saba, hakuna viwili vya ukoo mmoja.
"Hicho kina mguu mbovu, egemea ukutani,"
alisema mwanamke mwenye sare ya unesi chini ya koti.
Jina lake silitaji. Ya pale yanabaki pale;
haya ninayoandika ni yangu,
na ya kiti.

Nilingoja mahubiri. Majibu yangu nilikuwa nimeyapanga
kama makreti, tangu njiani.
Badala yake mzee mmoja, fundi wa injini za boti,
akasema jana amemwogesha mjukuu wake,
na kwamba mama wa mtoto aliwaacha wawili
akaurudishia mlango.
Basi. Hiyo ndiyo habari yake yote.
Miaka minne hakuna aliyemwachia mtoto.
Nilikuta nimeshika kikombe kwa mikono miwili
na majibu yangu hayana swali.

Zamu ikanifikia. Lile neno likanikaa kooni
kama mwiba wa ningu.
Nikasema: "Naitwa Lugola. Napima dagaa."
"Karibu, Lugola," wakaitikia wote,
kana kwamba nimeimaliza sentensi.

Jumamosi nililewa.
Naliandika hili kwa sababu kalamu ilitaka kuruka.
Jumamosi, na Jumapili, na Jumatatu nikaamka
na kiatu kimoja, kingine sijui kilikwenda na nani.
Alhamisi nikarudi na ndala.
Hakuna aliyetazama miguu.
Kile kiti kilikuwa kimegongwa msumari, kimesogezwa
katikati ya chumba, mbali na ukuta.
Nikakaa. Sikuwa na pa kuegemea
ila kulisema lile neno, nikalisema.
Herufi tano tu.
Nesi akauliza nani anataka sukari zaidi.

Mkono bado. Asubuhi nyingine unatulia,
nyingine unacheza ngoma yake peke yake;
siku hizo wateja nawaambia wasome wenyewe, kisha tunapatana.
Yule mama wa Ukerewe husoma kwa sauti, polepole,
kama anayemfundisha mtoto.

Deni la Ngollo nalipa mia tano, mia tano.
Nasimama chini, penye bomba,
namtuma kijana wa jirani apande.
Jana alishuka na jibu:
zimebaki elfu nne,
na nisithubutu kuzileta mwenyewe.